Claude Monet: maisha yake na namna alivyofanya kazi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Watu wengi humjua Monet kwa picha za mayungiyungi, na hudhani alikuwa mzee wa kukaa bustanini akipaka rangi haraka haraka kadiri moyo ulivyomtuma. Barua zake na turubai zenyewe, yaani vitambaa alivyovichorea, zinasimulia habari nyingine kabisa. Alikuwa mkaidi wa kazi, aliyelalamikia mvua, upepo na mikono yake mwenyewe, na kesho yake akarudi palepale.

Monet alikuwa nani?

Alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840 na kukulia Le Havre, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, ambako baba yake alikuwa katika biashara ya vyakula na mahitaji ya meli. Akiwa bado kijana wa shule alijulikana mjini kwa vikaragosi vya watu wa pale, na alikuwa akiviuza. Alifariki tarehe 5 Desemba 1926 akiwa na miaka 86, tajiri na mwenye heshima katika nchi nzima. Tusisahau, hata hivyo, kwamba karibu nusu ya kwanza ya maisha yake ya uchoraji ilikuwa ya madeni.

Alijifunza kwa nani?

Darasani kidogo, nje zaidi. Eugène Boudin, mchoraji wa bahari na mawingu, alimwona Le Havre na mnamo 1858 akamshawishi waende wakachore pamoja kwenye uwanda. Maisha yake yote Monet alimtaja Boudin kuwa ndiye aliyemfumbua macho. Mwaka 1861 aliingizwa jeshini na kupelekwa Algeria, akaugua, akarudishwa nyumbani mwaka uliofuata. Shangazi yake, Marie-Jeanne Lecadre, alilipa ili aachiliwe jeshi kwa sharti la kwamba akasome sanaa kwa mwalimu anayeeleweka.

Ndivyo alivyoingia katika studio ya Charles Gleyre huko Paris. Masomo ya pale hayakumkaa. Alichopata ni marafiki: Renoir, Sisley na Bazille. Mwalimu wake wa pili wa kweli alikuwa Mholanzi, Johan Jongkind, ambaye Monet alisema ndiye aliyelikamilisha jicho lake.

Jina la Waimpreshoni lilitoka wapi?

Kwenye dhihaka. Tarehe 15 Aprili 1874 wasanii wapatao 30, waliochoshwa na kukataliwa na maonyesho rasmi ya Salon, walifungua maonyesho yao wenyewe katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, Boulevard des Capucines. Monet alipeleka, miongoni mwa nyingine, picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, akaiita *Impression, soleil levant* (yaani "Taswira ya papo hapo, jua likichomoza"). Mhakiki Louis Leroy alilidaka neno la kwanza la jina hilo akawasimanga nalo wote. Jina likabaki.

Kwa nini alisisitiza kuchora nje?

Kwa sababu alichokuwa anakitafuta hakipatikani ndani. Hakuwa anachora mti au nyumba tu, bali hewa na mwanga uliopo kati yake na mti ule, na huo ukiuacha nyuma ukarudi studio, umeuacha kweli.

Vifaa navyo vilikuwa vimeshapatikana. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati ya kuhifadhia rangi ya mafuta. Kabla ya hapo rangi iliyosagwa ilibebwa katika vifuko vya kibofu cha mnyama, vilivyopasuka na kukausha rangi upesi. Tyubu, pamoja na sanduku la rangi lenye miguu ya kukunja, viliufanya uwanja kuwa studio.

Monet aliipeleka fikra hiyo mbali kuliko wenzake. Mwaka 1866, akichora *Wanawake Bustanini*, turubai yenye kimo cha zaidi ya meta 2.5, alichimba handaki na kufunga kapi ili aishushe turubai ardhini anapotaka kufikia sehemu ya juu, asihamishe jicho lake mahali lilipokuwa. Salon iliikataa picha hiyo mwaka 1867. Bazille aliinunua kwa faranga 2,500, akawa anamlipa rafikiye faranga 50 kila mwezi.

Baadaye, alipoishi Argenteuil kando ya mto Seine, alijenga kibanda juu ya mashua akawa anachorea majini. Mwaka 1885 huko Étretat alikosea kukadiria kujaa kwa maji, wimbi likamkumba yeye, stendi na turubai, na akamwandikia Alice, mwanamke aliyekuja kuwa mkewe wa pili, akimweleza jinsi alivyonusurika. Ushahidi ninaoupenda mimi ni mdogo zaidi. Katika picha ya ufuko wa Trouville ya mwaka 1870, iliyoko National Gallery ya London, chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi. Upepo ulizirusha rangi ikiwa mbichi, na zipo mpaka leo.

Alitumia rangi zipi?

Chache kuliko unavyodhani. Mwaka 1905 muuzaji wake wa picha, Paul Durand-Ruel, alimuuliza swali hilihili, naye akajibu kwa barua: nyeupe ya risasi, njano ya kadimi, nyekundu ya zebaki, nyekundu iliyokoza itokanayo na mmea wa madder, buluu ya kobalti na kijani ya kromi. Basi. Katika ujana wake zilikuwamo nyingine, kwa mfano njano ya kromi, lakini tangu mapema rangi za udongo na zile za hudhurungi zilizopendwa na walimu wa enzi hiyo zilikuwa zinapungua kwenye paleti yake, yaani ubao wa kuchanganyia rangi.

Nyeupe ndiyo iliyobeba kazi kubwa. Aliichanganya karibu katika kila kitu, na ndiyo maana picha zake zinang'aa hata pale zinapoonyesha kivuli. Turubai pia alizipenda zenye rangi ya msingi iliyo nyeupe au hafifu, wakati mafundi wa Salon walianzia kwenye hudhurungi. Mahali pengine aliuacha msingi huo wazi, ukafanya kazi ya rangi bila kupakwa chochote juu yake.

Ni kweli hakutumia nyeusi?

Katika miaka ya mwanzo aliitumia, na mtu akikuambia hakuigusa kamwe anatia chumvi. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda aliiacha, na giza akalipata kwa kuchanganya rangi nzito: kijani ya kromi na nyekundu ya madder, kwa mfano, au kobalti na nyekundu.

La muhimu zaidi ni kwamba hakuamini kuwa kivuli ni weusi. Kitazame kivuli cha mti juu ya theluji saa ya jua: jua halifiki pale, lakini anga la buluu linafika, kwa hiyo kivuli kina buluu. Ndivyo alivyokichora kivuli cha ua katika *La Pie*, picha ya majira ya baridi ya 1868 hadi 1869 yenye ndege mmoja juu ya lango. Salon iliikataa mwaka 1869. Leo iko Musée d'Orsay, na naamini hakuna picha inayofundisha vivuli vizuri kuliko hiyo.

Tena, rangi huathiriana zikikaa jirani. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, aliyaeleza hayo katika kitabu cha 1839: chungwa hukolea likiwa kando ya buluu, na nyekundu kando ya kijani. Jua la chungwa katika bandari ya Le Havre linawaka kwa sababu limezungukwa na buluu ya kijivu. Ukiibadilisha picha hiyo iwe ya nyeusi na nyeupe, jua linakaribia kutoweka, maana mwangaza wake haupishani sana na wa anga.

Je, alimaliza picha kwa kikao kimoja?

Baadhi, ndiyo. Nyingi, hasa kuanzia miaka ya 1880, hapana, ingawa yeye mwenyewe alipenda watu waamini kwamba kila kitu kilifanyika nje mbele ya mandhari. Hapa ndipo watu wengi hupotoka, kwa hiyo tuingie ndani kidogo.

Mchoraji Mmarekani Lilla Cabot Perry, aliyekuwa jirani yake huko Giverny, kijiji alikoishi Monet, kwa misimu kadhaa, ameeleza alivyofanya. Kikao cha kwanza alitaka turubai yote ifunikwe, hata kwa mipako hafifu, ili uwiano wa rangi wa picha nzima ujulikane tangu mwanzo. Hakuanza na kona moja akaimaliza ndipo ahamie nyingine. Pia alimshauri ajaribu kusahau kitu kilicho mbele yake, asiseme huu ni mti au hii ni nyumba, bali aone mraba wa buluu hapa, mstari wa njano pale, auweke kama ulivyo.

Baada ya hapo kulikuwa na tabaka juu ya tabaka. Alipaka rangi nzito kwa brashi bapa, akaacha matuta, akasubiri ikauke. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupotewa na maji. Mafuta yake hushika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, jambo linalochukua siku nyingi kwa mpako mwembamba na miezi kwa ulio mnene. Ikishakauka, alipitisha juu yake brashi yenye rangi kidogo isiyo na maji maji. Rangi hiyo mpya ilishika vichwa vya matuta tu, mabonde yakabaki na rangi ya chini. Ukisogea karibu utaona nyuzi za rangi tatu au nne zimepandana mahali pamoja bila kuchanganyika. Ukirudi nyuma, jicho lako linazisoma kama mtetemo wa mwanga.

Siri nyingine ni kwamba mara nyingi matuta ya chini hayafuati umbo lililo juu. Brashi ya chini ilielekea upande mmoja, umbo la maji au jani likaelekea kwingine. Aliutaka ule ukwaruzo kwa ajili yake wenyewe, kusudi uso wa picha uonekane hai. Kinachoonekana kama pumzi moja ya mkono kimejengwa kwa majuma, wakati mwingine kwa miaka.

Kwa nini alirudia kuchora kitu kilekile?

Kwa sababu kwake hakikuwa kitu kilekile. Lundo la ngano saa moja asubuhi na lundo hilo saa sita mchana ni mada mbili.

Mfululizo wa malundo ya ngano alioukamilisha mwaka 1890 na 1891 una takriban picha 25. Malundo yenyewe yalikuwa karibu na nyumba yake. Alitoka na turubai kadhaa, na Blanche Hoschedé, binti ya Alice, ambaye naye alikuwa mchoraji, alikuwa akimsaidia kuzibeba. Mwanga ukigeuka, aliweka chini turubai aliyokuwa nayo akachukua nyingine iliyoanzishwa chini ya mwanga unaofanana na ule mpya. Kesho saa ileile, kama anga limekubali, aliendelea. Mei 1891 alionyesha 15 kati ya hizo katika ukumbi wa Durand-Ruel, na ziliuzwa zote ndani ya siku chache.

Mwaka huohuo alikuwa anachora safu ya mipopla kandokando ya mto Epte. Kijiji kikaamua kuiuza ikatwe. Monet alikubaliana na mfanyabiashara wa mbao, akatoa pesa ili miti ibaki imesimama mpaka amalize. Perry anasimulia kwamba mwanga wa mojawapo ya picha hizo ulidumu dakika saba tu, hadi jua lilipoliacha jani fulani, ndipo akabadilisha turubai.

Kazi iliyomtesa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kanisa kuu la Rouen. Mwaka 1892 na 1893 alikodi vyumba vinavyotazamana na uso wa kanisa, akawa anashughulikia turubai nyingi kwa siku. Alimwandikia Alice kwamba ameota kanisa likimwangukia, likionekana mara la buluu, mara la waridi, mara la njano. Aliondoka na picha zaidi ya 20, akazifanyia kazi Giverny, na nyingi akazitia tarehe ya mwaka 1894. Zisogelee uone: rangi imerundikana mpaka ikawa ngumu na yenye chembechembe kama lipu ya ukuta. Jiwe amelijenga kwa rangi, kisha akaliyeyusha kwa mwanga.

London ilikuwa vivyo hivyo. Kati ya 1899 na 1901 alikaa hoteli ya Savoy akichora madaraja ya Charing Cross na Waterloo, na bunge akalichora kutoka hospitali ya St Thomas' ng'ambo ya mto. Alianzisha karibu turubai 100, kwa kuwa ukungu ulikuwa haukai na rangi moja. Durand-Ruel alipozihitaji, Monet alimjibu kwamba hawezi kutuma hata moja, maana lazima zote ziwe mbele ya macho yake. Alizionyesha 37, mwaka 1904.

Alipata wapi pesa?

Kwa muda mrefu, hakuzipata. Ukihitaji kielelezo cha miaka ya 1870, chukua *Impression, soleil levant* yenyewe: Ernest Hoschedé aliinunua mwaka 1874 kwa faranga 800, akafilisika, na mwaka 1878 ikauzwa kwa 210. Barua za Monet za wakati huo ni za kuomba, na maneno yake hayafichi aibu.

Aliyemwokoa ni Durand-Ruel. Walikutana London mwaka 1870, wote wawili wamekimbia vita vya Ufaransa na Prussia, vita ambavyo Bazille aliuawa ndani yake. Muuzaji huyo alinunua picha ambazo hakuna aliyezitaka, mara nyingine akakaribia kuanguka yeye mwenyewe, hadi alipopeleka maonyesho New York mwaka 1886 na Wamarekani wakaanza kununua. Mwaka 2019 picha moja ya malundo ya ngano iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 110.7.

Familia yake ilikuwa na nafasi gani?

Mke wake wa kwanza, Camille Doncieux, yumo katika picha nyingi za ujana wake. Walioana mwaka 1870, mtoto wao wa kwanza, Jean, akiwa na karibu miaka mitatu. Camille alifariki Septemba 1879 huko Vétheuil, na Monet alimchora akiwa kitandani pa mauti. Miaka mingi baadaye alimweleza rafiki yake Georges Clemenceau jinsi alivyojikuta akifuatilia rangi zilizokuwa zikibadilika usoni mwa mpendwa wake, buluu, njano, kijivu, bila yeye kukusudia. Wapo wanaoona ni ukatili. Mimi naona ni mtu aliyeshika kitu pekee alichojua kukifanya.

Alice Hoschedé, mke wa yule Ernest aliyefilisika, alikuwa tayari anaishi nao pamoja na watoto wake sita. Alimlea Jean na mdogo wake Michel, akaiongoza nyumba nzima, na mwaka 1892, baada ya Ernest kufariki, akaolewa na Monet. Bila yeye hakuna Giverny.

Bustani ya Giverny ilikuwa mapumziko au kazi?

Kazi. Alihamia Giverny mwaka 1883, akanunua nyumba mwaka 1890, na mwaka 1893 akanunua kiwanja ng'ambo ya reli ili achimbe bwawa. Majirani walipinga, wakiogopa kwamba mimea yake ya kigeni ingeharibu maji ya mto. Aliajiri watunza bustani kadhaa, na mmoja alishughulika na bwawa, akiyasafisha mayungiyungi akiwa ndani ya mashua. Daraja lililopinda aliliiga kutoka kwenye picha za Kijapani za kuchapwa, ambazo alikuwa na zaidi ya 200 ukutani na kabatini. Aliipanda mandhari kwanza, ndipo akaichora: takriban picha 250 za mayungiyungi.

Ugonjwa wa macho ulimwathiri vipi?

Mwaka 1912 aliambiwa ana mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inapochafuka hivyo hugeuka njano hadi hudhurungi, na huuzuia mwanga wa buluu usifike ndani. Ndiyo maana baadhi ya picha za daraja lake za baada ya 1918 zimejaa nyekundu na chungwa. Alilazimika kusoma maandishi ya tyubu na kufuata mpangilio uleule wa rangi kwenye paleti asije akakosea. Aliuogopa upasuaji kwa miaka, mpaka Clemenceau akamsukuma. Daktari Charles Coutela alimpasua jicho la kulia mwaka 1923. Baadaye alilalamika kwamba sasa anaona buluu kupita kiasi, akavaa miwani yenye rangi, akarudi kazini.

Ni kweli aliharibu picha zake?

Ndiyo, mara nyingi. Mwaka 1908, maonyesho ya mayungiyungi yakiwa yamekaribia, aliziharibu zisizopungua 15. Maonyesho yaliahirishwa, na mwaka 1909 akaleta 48.

Nikitaka kujaribu njia yake, nianzie wapi?

Chagua kitu kimoja kisichohama, chukua turubai ndogo tatu, na kila moja ipe saa yake. Mwanga ukibadilika, badili turubai, usijaribu kuirekebisha ile ya kwanza iufuate mwanga mpya. Kosa hilo ndilo huzaa picha yenye vivuli vinavyoelekea pande mbili. Funika turubai yote siku ya kwanza. Iache nyeusi nyumbani. Kila unapotaka kupaka kivuli, jiulize anga linakimulika kwa rangi gani.

Ukipaka tabaka juu ya tabaka, la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, vinginevyo la juu litakauka kwanza na kupasuka. Na usitafute rangi zilezile alizotumia yeye: risasi na zebaki ni sumu. Nyeupe ya titani itakufaa, na nyekundu za kisasa zipo.

Picha zake ziko wapi?

Mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko Musée Marmottan Monet, Paris, kutokana na urithi alioacha Michel alipofariki mwaka 1966. *Impression, soleil levant* iko hapo pia. Iliibwa mwaka 1985, ikapatikana 1990. Ukitaka kuona malundo ya ngano kadhaa pamoja, nenda Art Institute of Chicago.

Lakini kama ni safari moja tu, iwe Musée de l'Orangerie, Paris. Tarehe 12 Novemba 1918, siku moja baada ya vita kusimama, Monet alimwandikia Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu, akiahidi kuitolea nchi picha mbili. Ahadi ikakua hadi picha nane kubwa zenye kimo cha karibu meta 2, na urefu wake zikiunganishwa ni karibu meta 100, zikizunguka vyumba viwili vya umbo la yai. Alizishikilia mpaka mwisho, kwa hiyo vyumba vilifunguliwa Mei 1927, yeye akiwa ameshafariki. Mwanga wa vyumba hivyo hutoka juu, ni wa mchana wenyewe. Nenda asubuhi, na ukipata nafasi rudi jioni ya siku hiyohiyo: hazitakuwa na rangi zilezile.